Kabla Hujapanda Ngozi: Majibu kwa Wanaokwenda Rungwe

Tuko vijana sita kutoka Dodoma. Mwezi Agosti tuna siku moja tu ya Ziwa Ngozi. Tuanzie wapi, na je, inawezekana kushuka hadi majini?

Mwezi mmechagua vizuri. Rungwe, mkoani Mbeya, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na njia ya Ngozi ni ya udongo wa majivu ya volkano, ambao ukilowa huteleza kama mlenda. Agosti njia huwa kavu kwa sehemu kubwa, ila asubuhi ni baridi kali.

Laleni Mbeya au Tukuyu, msipande mkiwa mmetoka kwenye basi la usiku. Kutoka Mbeya chukueni gari la Tukuyu au Kyela, na mwambieni konda awashushe Mchangani, kwenye kibao cha Ngozi. Kutoka lami hadi ukingo wa msitu ni kama kilomita 5 kupitia mashamba ya viazi, bodaboda zinafika. Msitu ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa hiyo kibali na mwongozaji tafuteni kwao. Ulizeni ada siku moja kabla, na mkishalipa daini risiti.

Muwe msituni kabla ya saa 3 asubuhi. Aliyezoea milima hupanda kwa saa moja na kitu, asiyezoea atumie mbili. Mwanzo ni mwinuko wa kawaida, kisha inakuja mianzi na migomba mwitu, na kipande cha mwisho kinasimama kiasi kwamba mikono inafanya kazi kuliko miguu: unashika mzizi, unajivuta, unatafuta mwingine. Ghafla msitu unakatika. Chini yenu, zaidi ya mita 200, kuna ziwa lenye urefu wa kama kilomita 2.5, limekaa ndani ya shimo lililobaki kilele cha volkano kilipobomoka. Mkichelewa hadi mchana, ukungu huziba kila kitu na mtarudi mmeona weupe mtupu.

Hapo juu ndipo penye hatari. Nyasi na vichaka vya ukingoni huning'inia hewani, hivyo unachodhani ni ardhi huenda ni majani tu. Simameni hatua mbili nyuma ya mwongozaji, na anayepigwa picha asirudi kinyumenyume hata kidogo.

Kushuka majini, hapana. Kuta ni karibu wima, na mizizi inayokubeba ukishuka ndiyo hung'oka unapojivuta kurudi. Kwa safari ya siku moja, juu panatosha kabisa. Kila mtu abebe maji lita 2, koti la mvua hata kama anga ni safi, viatu vyenye soli ya meno, na suruali ndefu kwa sababu ya majani yanayowasha.

Shikamooni. Nina wajukuu wa miaka 6 na 9, mlima hawauwezi. Wataona nini?

Marahaba, bibi. Wapeleke Mto Kiwira, kwenye Daraja la Mungu. Ni daraja la mwamba: lava iliganda juu, mto ukatafuta njia chini yake. Mbele kidogo kuna Kijungu, ambapo mto mzima unajimimina kwenye shimo la mviringo lililochongwa ndani ya jiwe. Waoneshe wajukuu jinsi maji yanavyozunguka: mawe madogo yakizungushwa na mkondo kwa miaka na miaka ndiyo yaliyochimba hicho chungu. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo simameni getini, oneshani vitambulisho, na msipige picha majengo. Mwamba wa pale umelainishwa na maji na una ukoga wa kijani. Mtoto ashikwe mkono, si nguo, na asikaribie ukingo hata wakati wa kiangazi, maana anayetumbukia hapati pa kushika.

Wafundishe pia salamu za Kinyakyusa, lugha ya huko. Mtu mzima huambiwa *mugonile*, na *ndaga* ni asante. Watoto wakitamka hayo, wenyeji watafurahi sana.

Nipo Goma, huku tunaogopa mazuku. Je, kwenye volkano za Rungwe yapo?

Mazuku, yaani mifuko ya gesi ya volkano inayoua kimyakimya, yapo, ingawa watu wa Rungwe hawatumii neno hilo. Volkano ya Kyejo, ambayo masimulizi ya wenyeji yanaweka mlipuko wake wa mwisho karibu mwaka 1800, bado inapumua hewa ya kaboni dayoksaidi kupitia nyufa na chemchemi. Gesi hiyohiyo huvunwa kwa visima na kutiwa kwenye soda. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni na kwenye mashimo kama maji. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu ya gesi hii. Ikipita asilimia 10, mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache.

Hatari zaidi ni usiku na alfajiri isiyo na upepo. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Dalili ni wadudu na ndege waliokufa wakiwa wamerundikana sehemu moja, na maji baridi yanayotoa mapovu kana kwamba yanachemka. Ukiona hivyo panda juu mara moja, usiiname kuchunguza. Mbwa na watoto hudhurika kwanza kwa kuwa pua zao ziko chini. Na kosa linaloongeza vifo ni la mwokoaji: anainama kumvuta mwenzake, naye anabaki hapohapo. Kama huwezi kumvuta kwa kamba ukiwa umesimama juu, ita watu. Usilale kwenye hema ndani ya kibonde, hata kama kinakinga upepo vizuri. Hasa kama kinakinga upepo vizuri.

Tuunganishe Ngozi na maua ya Kitulo katika safari moja?

Mtapata kimoja kizuri na kingine kibovu. Maua ya Kitulo huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani njia ya Ngozi ikiwa tope. Anayependa okidi aende Januari au Februari kupitia Chimala na Matamba, Ngozi aiache. Viazi vya okidi, vile vya kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, msichimbe. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mmea uliong'olewa hauchanui tena.

Nilinunua chungu cha Wakisi, kikapasuka siku ya kwanza. Nilikosea wapi?

Ama ulinunua chenye ufa, ama ulikiharakisha. Ukienda tena soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, ning'iniza chungu kwa vidole na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa sauti inayodumu. Chenye ufa hutoa mlio mfupi, mkavu. Kisafirishe kimefungwa kwa majani makavu ya migomba, usipandanishe viwili.

Nyumbani, kiloweke usiku kucha, kisha kijaze maji robo tatu, koroga konzi mbili za unga, na ukiweke juu ya makaa machache. Ongeza makaa taratibu, chemsha nusu saa, kiache kipoe na uji wake ndani. Unga huziba vitundu vya udongo. Ukianza na moto mkali, maji yaliyomo kwenye vitundu hugeuka mvuke kwa ghafla, hayapati pa kutokea, na chungu hufumuka. Vivyo hivyo usimimine maji baridi kwenye chungu kilicho moto na kitupu. Ongeza ya uvuguvugu.