Maleba Ndiyo Hodi Yenyewe

Swali la wiki hii lilikuwa: kwa nini watu, hata wazima, hawachoki kuvaa maleba, yaani mavazi ya kuigiza, usiku wa Halloween, Oktoba 31, watoto wanapopita nyumba hadi nyumba? Wengi husema ni raha ya kutishana. Mimi naona ni kwa sababu usiku huo mgeni anaruhusiwa kubisha hodi, na mwenye nyumba anafungua akiwa tayari kumtazama na kumsikiliza.

Naishi Glasgow. Huku Uskoti, kwa desturi ya zamani, mtoto hapewi kitu bure Oktoba 31. Husimama mlangoni akaimba, akaghani shairi au akatoa kichekesho, ndipo apate karanga, tofaa au peremende. Zamani watoto walijipaka masizi usoni wasitambulike, wakabeba taa zilizochongwa kwenye tanipu, kiazi kigumu kweli kukichimba. Maboga ni mambo ya Marekani, ambako wahamiaji wa Uskoti na Ireland waliipeleka desturi hii.

Binti yangu ana haya sana. Mbele ya watu sauti humpotea. Mwaka jana tulimfanya bundi: fulana kuukuu ya baba yake, tukaishonea vipande vya khanga iliyochakaa safu kwa safu viwe manyoya, na kinyago cha katoni. Tukapanda kwa mzee wa ghorofa ya juu, ambaye miaka yote tulikuwa tukipungiana mkono tu. Bundi akaghani shairi lake lote bila kukwama. Mzee akamwomba arudie, kisha akauliza manyoya yale kayashona nani, tukazungumza hadi taa ya ngazini ikazimika.

Watu wazima nao wanataka hayo hayo. Maandamano ya Greenwich Village, New York, yalianzishwa mwaka 1974 na Ralph Lee, fundi wa vinyago. Hadi leo, ukivaa maleba unaingia barabarani na kuandamana. Usipovaa, unabaki pembeni na watazamaji. Mtu ambaye mwaka mzima hupita mjini bila kusemeshwa na yeyote, usiku ule hushangiliwa na watu asiowajua.

Kwa hiyo naomba wazazi wenzangu tusikimbilie maleba ya pakiti, yanayofanana nyumba hadi nyumba. Tushone wenyewe, hata kama mshono utaenda upande. Jirani akiona kazi ya mkono huwa na la kuuliza.