Kabla Hujanunua Mashine ya Kufulia, Kapime Kimo cha Tenki Lako

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji, dada mmoja aliyehamia Dodoma kikazi kutoka Singida. Kaanza na "Shikamoo dada", kisha akanieleza kwamba amepanga Ilazo, ana mtoto wa miezi 8, na kibubu chake kimefika milioni moja na laki mbili. Kwa hela hiyo anataka mashine ya kufulia pamoja na draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, na ameshatumiwa picha za mashine za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam. Mwisho akauliza neno moja tu: "Ninunue?"

Nilianza kumjibu nikiwa kwenye gari natoka kazini Mtumba, kule kwenye Mji wa Serikali. Nikafika Nzuguni sijafika hata nusu ya niliyotaka kusema. Nikaona bora niyaweke hapa, maana najua wengi wenu mko pale alipo huyu mdogo wangu: una ajira, umepanga, unataka nyumba yako iwe na vitu vya maana, na mikono imechoka beseni. Nilipita hapo mwaka 2021, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana.

Mama yangu alitusomesha kwa kufua nguo za watu pale Kondoa mjini. Alikuwa na mabeseni mawili ya bati, moja la kufulia na moja la kusuuzia, na kipande cha sabuni alichokikata kwa uzi ili kisiishe haraka. Ngozi ya vidole vyake ilipasuka kwenye vifundo. Usiku alipaka mafuta ya mgando akavaa soksi mikononi, lakini asubuhi ukimshika mkono ulikukwaruza kama gunzi la mahindi. Niliapa nikiwa darasa la sita kwamba nikipata mshahara, kitu cha kwanza kuingia nyumbani kwangu kitakuwa mashine ya kufulia, kabla ya televisheni, kabla ya friji. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine ya kufulia ni anasa, huwa sibishani naye, naondoka tu.

Basi nilipopata ajira nikatimiza kiapo, tena kwa pupa. Nilipata mtu Dar es Salaam aliyeniambia ana mashine ya mtumba kutoka Uingereza, ya mlango wa mbele, inayofua na kukausha humo humo. Kufua kilo 8, kukausha kilo 5. Nilimtumia 850,000 na nauli ya lori 60,000. Sikumuuliza swali hata moja. Ilipofika niliipigia picha nikamtumia mama kabla hata haijashushwa.

Fundi akaiunganisha, tukawasha. Mashine ikalia, ikavuta maji kidogo, ikasimama na kuandika alama ya hitilafu. Tukarudia mara nne. Fundi akatafuta kitabu chake kwenye mtandao, akanionyesha mstari mmoja: shinikizo la maji lisipungue megapaskali 0.05. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akatoka nje, akaangalia tenki la mwenye nyumba lililokaa juu ya kichanja kinachonifika kidevuni, akasema, "Dada, mashine hii inataka maji yatoke kimo cha mita 5 hivi juu yake. Yako hayafiki hata mita 2." Mashine ya otomatiki haina ndoo ya kumiminia maji. Ina koki ndogo ya umeme ndani, na maji yasipoisukuma vya kutosha haijazi kwa wakati, inajizima.

Nikanunua pampu ndogo, 130,000 nyingine. Ikafua. Siku hiyo nilikaa chini sakafuni mbele ya kile kioo cha mviringo nikaangalia shuka zangu zinapinduka mwanzo hadi mwisho. Sikuona haya kulia.

Shida ilikuja Jumamosi iliyofuata nilipojaribu kukausha. Mtaani kwetu wakati huo maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, na tenki la lita 1,000 tulichangia wapangaji wanne. Nikaweka shuka mbili na nguo za mtoto, nikabonyeza kukausha, nikaenda kupika. Baada ya kama dakika 40 nikasikia maji. Nikadhani bomba limepasuka. Nikaenda, nikakuta mpira wa kutolea maji unamimina kwenye ndoo maji safi kabisa, ya uvuguvugu, hayana hata povu. Nikamwaga ndoo ya kwanza ya lita 20, ya pili ikajaa. Sikuelewa. Inakausha, halafu inamwaga maji?

Fundi alinieleza baadaye. Mashine nyingi za aina hiyo, hasa za zamani, hazina mahali pa kutolea mvuke. Zinapasha hewa moto, inapita kwenye nguo, kisha zinaupoza ule mvuke kwa kuumwagia maji ya baridi ya bomba ili ugeuke maji na kutoka. Kwa maneno mengine, zinakunywa maji ili zikaushe. Nilikuwa nakausha shuka Dodoma, nchi kavu hii, kwa kuteketeza maji ya watu wanne.

Na umeme. LUKU yetu ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Kabla ya kuwasha ilisoma uniti 41.6. Ilipomaliza kufua na kukausha ilisoma 35.2. Uniti 6 na zaidi kwa shuka mbili na vinguo vya mtoto, na bado vilitoka vina unyevu kwenye mapindo. Jumapili asubuhi tenki lilikuwa tupu. Jioni niliitwa kikao chini ya mwarobaini uani. Mama mmoja niliyekuwa nampa chumvi naye akinipa mboga alinitazama usoni akasema kama najiona nina hela nikajenge kwangu. Nililipa umeme wa wote wa wiki mbili. Salamu zilirudi, lakini ukaribu wetu haukurudi, na mimi nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia hela. Aliyeniuzia hakupokea tena simu. Mashine niliiuza 350,000.

Miezi 14 iliyofuata nilifua kwa mikono. Hapo hakuna cha kusimulia.

Ninayoitumia sasa ni ya matangi mawili, mpya, ya kilo 7, nimeinunua dukani hapa hapa mjini kwa 420,000 na risiti na waranti ya mwaka. Kazini waliposikia walicheka, wakasema hizo ni za kizamani. Sawa. Acha nikuambie inavyofanya kazi, kisha upime mwenyewe.

Tangi la kushoto linafua, la kulia linakamua. Maji unamimina kwa ndoo au mpira, kwa hiyo haijali tenki lako liko juu au chini, wala haijali kama leo ni siku ya mgao au siyo, ilimradi umechota jana. Maji ya sabuni unayatumia zaidi ya mara moja: kwanza nyeupe, kisha za rangi, kisha za shambani na matambara. Otomatiki ya mlango wa juu ingemwaga yote kila mzunguko, na inakunywa lita 100 na ushee kwa mfuo mmoja. Ya mlango wa mbele inatumia maji machache, mara nyingi lita 50 hivi, lakini nayo ikishayamwaga kwa mpira huwezi kuyatumia tena. Umeme wa matangi mawili ni kidogo sana kwa sababu haipashi maji moto. Nikifua Jumamosi nzima haifiki uniti moja.

Hilo la kupasha moto lina jambo lingine hapa kwetu. Angalia ndani ya birika lako la umeme. Yale magamba meupe ni chumvi ya maji ya visima, na maji mengi tunayokunywa Dodoma yanatoka ardhini, kule Mzakwe. Magamba hayo hayo yanashika kwenye hita ya mashine ya mlango wa mbele usikoyaona. Hita inachoka, inakula umeme zaidi, mwisho inaungua. Ukiwa nayo, fua kwa maji ya baridi kadiri uwezavyo. Ya matangi mawili haina hita ya kuungua.

Sasa draya. Mdogo wangu, usinunue draya. Narudia, usinunue. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, tangu Desemba au mwisho wa Novemba mpaka Aprili, na hata humo katikati kuna wiki nzima za jua. Miezi iliyobaki jua na upepo vinakausha jinzi kabla ya adhuhuri. Tatizo letu ni vumbi, siyo unyevu. Ninaanika saa 12 na nusu asubuhi, ninaanua kabla upepo wa mchana haujaanza kupeperusha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, kamba iko koridoni, na nguo iliyokamuliwa vizuri inakauka humo usiku mmoja.

Kukamua ndiko unakokununua, na wauzaji wanakuchanganya hapo. Watakuonyesha lile tangi la kulia waseme "hii ni draya yake". Siyo draya. Linazungusha nguo kwa kasi mpaka maji yatoke, basi, haitoki kavu ya kuvaa. Lakini usilidharau. Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Kondoa. Nikafua blanketi lake mbele yake, nikalipanga tangi la kulia nikilikandamiza pande zote sawa, nikaweka kile kifuniko cha plastiki juu, nikazungusha dakika 5. Mashine ikavuma, maji yakatoka mpirani kwa kishindo, kisha yakawa uzi, kisha matone. Nilipolitoa mama akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akalifinya, halikudondosha kitu. Akaliweka shavuni. Hakusema neno. Akatoka nalo uani akalitundika mwenyewe, na aliporudi akaniomba nimwonyeshe kitufe ni kipi.

Watu wa kazini waendelee kucheka.

Tatizo letu vijana tuliopata ajira ni kununulia macho ya watu. Tunanunua vitu vya nyumba tunayoiota, kumbe tunaishi kwenye nyumba ya kupanga, yenye tenki fupi, LUKU ya kuchangia na maji ya mgao. Nilikuwa hivyo hivyo. Mashine inunulie maji uliyonayo leo. Tuache kushindana. Ukijenga kwako, ukainua tenki juu, utanunua ya otomatiki, na mimi nitakuja kuitazama.

Nisiseme kana kwamba ya mlango wa mbele ni mbaya. Shoga yangu wa mtaa wa Kisasa anayo, mpya, ana tenki juu ya mnara na LUKU yake peke yake, na inamfaa. Siku ya kwanza alinipigia kwa hofu kwamba mashine inatembea jikoni na kugonga ukuta. Nilikwenda nikaigeuza nyuma, nikaona bolti nne bado zimo. Hizo ni za kulishikilia pipa wakati wa safari, na lazima zifunguliwe kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Waliomletea hawakuzifungua. Nilizifungua kwa spana, mashine ikatulia. Zitunze, utazihitaji siku ya kuhama. Na sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono usiijaze humo, povu litatokea mlangoni. Chagua iliyoandikwa ni ya mashine.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Ilazo, jibu langu kwa picha ulizotumiwa ni hapana. Usitume hela Dar es Salaam kwa kitu ambacho hujakiona kikijaza maji, kikizunguka na kikikamua mbele ya macho yako. Fanya hivi Jumamosi. Pima kwa futi kimo kutoka usawa wa koki ya bafuni kwako kwenda juu mpaka kitako cha tenki. Kisha fungua koki yote, weka ndoo ya lita 10 chini yake, hesabu. Fundi wangu anasema ikijaa ndani ya dakika moja una maji ya otomatiki. Ikivuka dakika tatu, usihangaike nayo, nenda kwenye matangi mawili. Muulize mwenye nyumba kama LUKU ni yako peke yako, na maji machafu yatamwagikia wapi, maana mpira wa matangi mawili lazima ushuke chini.

Halafu niandikie dakika zilikuwa ngapi. Kama ni matangi mawili, nitakusindikiza mjini mwenyewe tukachague, na hiyo laki saba na zaidi itakayobaki rudisha kwenye kibubu. Mtoto wa miezi 8 ana nguo nyingi, usikae na beseni tena wiki mbili zaidi.