Demensia ya frontotempora: je, Wakorea huishi zaidi, au hesabu ndiyo tofauti?

Swali: Nasomea udaktari, mwaka wa nne. Nikilinganisha takwimu za Korea Kusini na za Ulaya kuhusu wagonjwa wa demensia ya frontotempora (inayoharibu sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, hivyo tabia na lugha), miaka ya kuishi haifanani. Niamini kwamba Wakorea huishi zaidi?

Jibu: Usiamini bado. Tafuta kwanza mahali wanapoeleza hesabu ilianzia siku gani. Mgonjwa aliyeanza kubadilika tabia 2010, akatambuliwa ugonjwa 2014 na kufariki 2020, ameishi miaka 10 katika ripoti moja na miaka 6 katika nyingine. Pengo hilo ni la kawaida. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya miaka 45 na 65, na mtu wa umri huo akipoteza haya au akianza kutapanya fedha, nyumbani huonekana mkorofi tu, au hupelekwa kutibiwa sonona.

Wakihesabu tangu dalili, mtego ni mwingine. Aliyeugua 2010 akafa 2012 hakuwahi kufika kliniki, kwa hiyo hayumo kwenye data. Aliyeandikishwa 2014 naye hangeweza kuhesabiwa kifo katika miaka minne ya kwanza, maana asingeandikishwa. Ukimweka kwenye kigawanyo tangu 2010, mstari wa Kaplan-Meier (mchoro wa sehemu ya wagonjwa walio hai kila mwaka) unakaa juu kuliko ukweli. Katika R, programu ya takwimu, andika `Surv(kuingia, kutoka, kifo)`, yote kwa miaka tangu dalili. Huyu wetu ni 4, 10, 1 (1 maana yake alifariki). Ukiacha `kuingia`, kosa limerudi. Angalia pia idadi ya waliomo kwenye hesabu miaka ya mwanzo: wakiwa watatu na mmoja akafa, mstari unashuka theluthi nzima na haupandi tena. Hapo anzia mchoro mwaka ambao watu wametosha, na useme hivyo waziwazi.

Vifo navyo vinapatikanaje? Kupiga simu kwa familia huacha mapengo, na anayedhaniwa hai hadi mwisho wa utafiti hurefusha miaka ya wote. Korea ina nafuu hapa: namba ya usajili wa mkazi huwezesha kuoanisha faili la hospitali na kumbukumbu za vifo za taifa.

Ila kwa maoni yangu, jambo zito kuliko yote ni mchanganyiko wa aina za ugonjwa huu. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zinaonyesha kuwa demensia hii ikiandamana na ugonjwa wa neva za mwendo (unaodhoofisha na kukondesha misuli), mgonjwa huishi takriban miaka 2.5 tangu dalili. Aina ya kupoteza maana ya maneno hufika karibu 12. Sasa, jeni ya C9orf72, ambayo mabadiliko yake yaligunduliwa 2011, ni chanzo kikubwa cha kurithi cha demensia hii kuandamana na ugonjwa wa neva za mwendo Ulaya, lakini ni nadra Korea na Japani. Kundi lenye wagonjwa wachache wa aina hiyo litaonekana kuishi zaidi hata kama huduma ni ileile. Kwa hiyo linganisha aina kwa aina, na uone kama wamejumuisha magonjwa ya jamaa, hasa ule unaokaza macho na kuangusha mgonjwa chali mapema (PSP). Mgonjwa wa aina ya kubadilika tabia anayeanza kukonda misuli mwaka wa tatu asihamishiwe kundi la neva za mwendo tangu mwanzo. Ahamie siku ile, vinginevyo kundi hilo linazawadiwa miaka ya bure.

Baada ya hayo yote, tofauti ikibaki, ndipo uangalie huduma. Wengi hufa kwa nimonia chakula kinapopalia, kwa hiyo uamuzi wa kuweka mpira wa kulishia una uzito. Sheria ya Korea iliyoanza kutumika Februari 2018 inaruhusu kusitisha mashine ya kupumulia kwa mgonjwa aliye katika hatua ya kufa, lakini lishe na maji haviruhusiwi kusitishwa. Mpira ukishawekwa, kuutoa ni vigumu. Tafuta kama ripoti inasema ni wangapi walikuwa nao. Mara nyingi safu hiyo haipo kabisa.