Arubuni ya Julai si mapato ya Juni

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Umesema hoteli yenu ya Nungwi ilifungwa Aprili na Mei kwa ajili ya masika, na sasa mkurugenzi anataka hesabu za nusu mwaka, za 30 Juni, zibebe sehemu ya arubuni za wageni wa Julai na Agosti ili hasara ipungue. Usikubali.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 34, kinachohusu hesabu za kipindi kifupi kuliko mwaka, kinataka zifuate sera zile zile za hesabu za mwaka. Jiulize: mwaka ungeishia leo, ningeiandika arubuni hii kuwa mapato? Hapana. Mgeni hajalala hata usiku mmoja, kwa hiyo ni deni lenu kwake na ibaki kwenye dhima. Gharama nazo hivyo hivyo: matengenezo ya makuti ya Mei ni ya Mei, msiyagawe mpaka Desemba. Hapa huteleza hata wazoefu.

Kodi ya mapato ndiyo inayotazama mwaka mzima. Kadirieni kiwango cha wastani cha kodi cha mwaka, kisha mkitumie kwenye matokeo ya miezi sita.

Mkurugenzi anaihofia benki, namuelewa. Msaidie kwa haki: eleza msimu wa biashara yenu waziwazi, linganisha miezi hii sita na ile ile ya mwaka jana, na mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, uilinganishe na ya 31 Desemba.

Kama paa zima limeezekwa upya, niandikie kabla hujafunga vitabu. Huenda hiyo ni rasilimali, yaani mali ya kudumu ya hoteli, si matengenezo.