Re: Barua ya kurudisha diklofenaki ya sindano, nina boksi tatu Igoma

Mkuu, barua inataka diklofenaki hiyo (dawa ya maumivu) irudishwe kwa sababu ya chembe ndani ya ampuli, yaani vichupa vya sindano. Kusema kwamba yako "inaonekana safi" hakukuondolei wajibu wa kuirudisha. Chembe nyingi ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na ukisogeza ampuli mbele ya taa, bora uwe na karatasi nyeupe, kisha nyeusi, sekunde tano kila moja. Igeuze taratibu, usiitikise, mapovu yatakudanganya. Ukiona kitu, umethibitisha. Usipoona, hujathibitisha chochote.

Anza na namba ya toleo (batch) iliyotajwa kwenye barua. Isome kwenye ampuli yenyewe, siyo kwenye boksi tu, kwa sababu ampuli za 75 mg/3 ml huchanganywa sana kwenye trei ya chumba cha sindano. Pita na troli ya dharura, droo ya zamu ya usiku, na begi la kliniki ya mkoba kama mnakwenda visiwani. Zote za toleo hilo ziingie boksi moja lililofungwa, liandikwe USITUMIE, likae mbali na stoo ya kawaida. Hesabu, ingiza kwenye leja, rudisha kwa aliyekuuzia ukidai hati ya mapokezi. Usimwage kwenye sinki wala kuziteketeza kwa moto mwenyewe.

Wagonjwa waliokwisha chomwa sindano hiyo watafute kupitia rejista. Kwenye msuli angalia uvimbe, wekundu au jipu. Kwa aliyewekewa mshipani chembe zinaweza kuuchubua mshipa au kuziba mishipa midogo, huyo apigiwe simu leo. Ukikuta dalili yoyote, jaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, uipeleke TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) hapo Mwanza.