Redio ya ridhaa kwenye gari: nyaya kwanza, redio baadaye

Redio ya ridhaa ya kwenye gari, yaani ile ya kuzungumza na wapenzi wengine wa redio, ya masafa ya VHF na nguvu ya wati 50, hula takriban ampea 10 hadi 12 unapobonyeza maiki kuzungumza. Ukiwa unasikiliza tu, haifiki hata ampea moja. Hapo ndipo matatizo mengi ya wenye Probox, Fielder na Forester hapa Nairobi yanapoanzia: redio inasikia vizuri, lakini ukibonyeza maiki inajizima, au wenzako wanakwambia sauti inakatika. Mwenye gari hukimbilia kubadilisha antena, na wengine huiuza redio yenyewe, ilhali kosa liko kwenye waya.

Usiichomeke kwenye soketi ya laita. Nyaya zinazofika pale ni nyembamba, fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15 na mara nyingi inalisha vitu vingine pia, na ule mguso wa springi hupata joto ukipitisha umeme mwingi. Redio ya mkononi ya wati 5 haina shida hapo. Ya wati 50 ipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwa betri.

Sasa hesabu. Tuseme redio iko chini ya kiti, mita 4 kutoka kwa betri. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 8 za waya. Kwa ampea 12, waya wa shaba wa 1.5 mm² utapoteza volti 1.1 njiani. Wa 2.5 mm² utapoteza kama 0.65, na wa 6 mm² chini ya 0.3. Redio nyingi za aina hii zimeundwa kwa volti 13.8, na hustahimili kupanda au kushuka kwa asilimia 15, yaani zisiende chini ya 11.7. Betri yenye volti 12.4, injini ikiwa imezimwa, ikipitia waya wa 1.5 mm² itafikisha 11.3. Redio inajizima, na haina kosa lolote. Nunua waya wa 6 mm². Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na bei ya redio.

Ukienda Luthuli Avenue au Grogan, kuwa mwangalifu na nyaya nene zinazouzwa kwa ajili ya spika za magari. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na hupoteza umeme zaidi kuliko shaba halisi ya unene uleule. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani ya wekundu, uache. Kuna pia shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo ni nzuri.

Kabla ya kugusa chochote, fungua taminali ya hasi ya betri, na uirudishe mwisho kabisa. Fyuzi ya ampea 20 ikae upande wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Hapa mafundi wengi hukosea kwa kuiweka karibu na redio, wakidhani kazi yake ni kuilinda redio. Fyuzi hii inalinda waya. Waya ukisuguliwa na ukingo wa chuma pale unapopita kutoka kwenye injini kuingia ndani, ukagusa bodi, fyuzi iliyo karibu na redio haitafanya lolote. Betri itaendelea kusukuma umeme mpaka waya uwake moto. Ndiyo maana pia tundu la kupitishia waya lazima liwe na mpira, na waya uvishwe bomba la plastiki lenye mikunjo. Fyuzi iliyokuja na waya wa redio iache mahali pake.

Hasi iunge kwenye bodi, hasa ikiwa gari lina kihisio kidogo kilichofungwa kwenye taminali ya hasi ya betri. Ukiunga hasi ya redio kwenye taminali yenyewe, umeme wake haupiti kwenye kihisio, na gari litapata hesabu isiyo sahihi ya hali ya betri. Tumia bolti ambapo waya mnene wa hasi wa betri unashika bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu. Viungo vyote vibanwe kwa lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) na koleo lake. Kusokota nyaya na kuzifunga tepu hakufai: joto la injini huyeyusha gundi, na mtikisiko wa barabara zetu humaliza kilichobaki.

Ukipenda redio izime yenyewe unapotoa ufunguo, tumia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya gari ya volti 12, ampea 30. Mguu wenye namba 30 upokee umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 uende kwa redio, 86 upate waya wa ACC (unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa) kupitia fyuzi ndogo ya ampea 1, na 85 uende kwenye bodi. Weka dayodi ya 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea 86, ili kuzuia mshtuko wa umeme unaotoka kwenye koili rilei inapoachia. Plagi na nyaya za manjano zilizo chini ya dashibodi kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Usizikate, usizipime, wala usipitishe waya wako mbele ya mfuko.

Antena ya sumaku ikae katikati ya paa. Kwa 145 MHz, antena ya robo ya wimbi huwa na urefu wa kama sentimita 49. Kebo iwe ya omu 50. Ya televisheni ni 75. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) kwa nguvu ndogo, milango na boneti vikiwa vimefungwa, mbali na ukuta au mabati. Ikifika 1.5 au chini, inatosha. Ikiwa SWR ni ndogo zaidi kwenye masafa yaliyo chini ya 145 MHz, antena ni ndefu: punguza milimita 2 tu kwa wakati mmoja. Bila shaka uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na alama yako ya wito inayoanza na 5Z4 kabla ya kubonyeza maiki.

Kipimo cha mwisho ndicho muhimu zaidi. Mwenzako abonyeze maiki, wewe uweke mita kati ya taminali chanya ya betri na waya chanya unapoingia kwenye redio. Kisha fanya hivyo upande wa hasi. Jumla ikizidi volti 0.5, kuna kiungo kibovu. Kiguse kimoja kimoja, chenye joto ndicho hicho. Kelele inayopanda na kushuka na mwendo wa injini hutoka kwa alternata, na hasi iliyolegea huizidisha. Isiyobadilika huwa ni chaja ya USB, kamera ya dashibodi au taa za LED. Chomoa kimoja kimoja mpaka inyamaze, kisha zungusha waya wa kifaa hicho mara tano kwenye pete ya feraiti, inayozuia kelele za umeme. Chaja ya bei rahisi mara nyingi haiponi hata kwa feraiti; ibadilishe tu.