Saladi ya matunda yenye pombe: acha kuyazamisha matunda

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, saladi yangu yenye vodka imegeuka supu na wageni wanakuja jioni. Nifanyeje?" Nikamwambia achuje ule mchuzi, autie barafu, awape wageni kwenye glasi. Matunda yenyewe hayakuwa na dawa tena. Yalilala kwenye vodka usiku kucha.

Mimi kwenye sherehe za msimu wa joto siagizwi kitu kingine. Mara ya mwisho bakuli langu liliisha nyama ikiwa bado motoni, na shemeji yangu, yuleyule aliyesema matunda ni chakula cha watoto, nilimkuta akikwangua chini kwa kijiko. Sikumwambia neno. Nilimpa tu kitambaa cha kujifutia.

Siri ni kutozidisha muda wala pombe. Tikitimaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na sukari na pombe kali zote huyavuta maji hayo yatoke nje. Kwa kilo moja ya matunda mimi natia mililita 100 tu za ramu ya asilimia 40, sukari kijiko kimoja cha chakula, maji ya ndimu na tangawizi ya kukwaruza kidogo. Nanasi na tufaha hutangulia, saa mbili kwenye friji, bakuli likiwa limefunikwa. Zabibu zikate katikati, maana ganda lake haliruhusu kitu kupita. Tikitimaji na stroberi huingia nusu saa ya mwisho. Ndizi ni wakati wa kupakua. Ukiiwahisha inakuwa nyeusi na kuvurugika, ndimu au hakuna ndimu.

Bonyeza kipande cha nanasi kwa uma. Kikitoa tone na kingo zake bado zimesimama, tayari. Kikilegea, umechelewa.

Krimu usiichanganye humo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na krimu inakuwa chungu. Iweke pembeni, kila mtu ajitilie.

Sasa hili nalisema kwa ukali kidogo. Waambie watu kuna pombe! Kwenye friji pombe haiendi popote, na utamu wa matunda unaificha vizuri mno. Watoto wawe na bakuli lao na kijiko chao. Kuna dereva, kuna mjamzito, kuna anayemeza dawa, kuna ambaye dini yake hairuhusu. Niliwahi kumwona mwenyeji akicheka mpaka machozi kwa sababu mgeni asiyekunywa kala sahani nzima bila kujua. Yule mgeni aliinuka akaenda zake kimya, na mimi nyumba ile siendi tena. Wanaoniona nina kinyongo waendelee kuniona hivyo. Mtu akikuamini hadi akala chakula chako, huna ruhusa ya kumfanyia mzaha tumboni.

Wengi huuliza kama divai inafaa badala ya ramu. Inafaa, na kwa kuwa ni nyepesi unaweza kutia mara mbili ya kipimo. Ile yenye mapovu ndiyo tamu zaidi, ila imimine bakuli likishafika mezani. Ukiiweka mapema mapovu yanakufa na unabaki na maji ya zabibu.